Mkono Uliobaki Chini ya Mninga

Ilikuwa mwaka 1950, masika, mwezi wa Machi, mvua zikiwa zimekwisha kuyavunja madaraja ya magogo na matrekta yamezama hadi tumboni katika matope ya Nachingwea. Kabla ya mvua hizo, matrekta mawili yalikuwa yakifungwa mnyororo mmoja mnene kama paja la mtu, yakaenda sambamba, na kila kilichosimama kati yake kiking'olewa pamoja na mizizi yake: miyombo, mitondoro, mininga iliyoota kabla babu za watu hawajazaliwa. Mlio wa mizizi ikikatika ulisikika hata Mkotokuyana, na nyani walikimbia mbele ya mnyororo huku wakilia kama watu waliofiwa. Yote hayo yalifanywa kwa ajili ya karanga.

Lakini Wazungu wale wale walioangusha misitu hawakupenda kukaa juani. Kila palipojengwa nyumba ya Bwana, palibakishwa mti mmoja au miwili mbele ya baraza, ukazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mtu akaajiriwa kuutunza. Katika kambi iliyokuwa ng'ambo ya mto, upande wa kuelekea Ruangwa, mtu huyo alikuwa Isihaka bin Mikidadi, mpogoaji wa miti.

Kazi hiyo Isihaka hakuiokota njiani. Aliisoma kwa miaka sita katika shamba moja la mkonge karibu na Lindi, mikononi mwa mzee mmoja mkali aitwaye Agapiti, ambaye alitunza bustani ya mwenye shamba na hakumruhusu mwanafunzi kushika msumeno kabla hajaweza kutaja mti kwa kulinusa gome lake. Agapiti alimfundisha kuwa tawi kubwa hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza hupigwa kwa chini, mbali kidogo na shina, na huishia katika theluthi ya unene wa tawi. Mkato wa pili hupigwa kwa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi huanguka lenyewe, wima, bila kuvuta kitu. Mkato wa tatu huondoa kipande kilichobaki, nao hupigwa penye shingo ya tawi, pale ngozi ya mti inapokunjamana kama kiwiko.

"Ukikata kwa juu peke yake," Agapiti alikuwa akisema, "tawi litaondoka na ngozi ya mti. Na mti uliochunwa haponi, hata uupake lami pipa zima."

Isihaka aliyashika maneno hayo. Hakuna nyumba aliyoitunza ambayo mti wake ulikuwa na jeraha bovu. Minyaa ya ua aliikata ikalingana kama ukuta, na utomvu wake mweupe, ule unaopofusha, haukupata kumwingia jichoni hata mara moja.

Aliyemshikia kamba alikuwa Abdalah, ndugu wa mkewe. Abdalah alikuwa kijana wa Chunyu mwenye mabega mapana na mdomo usiochoka. Tena hakuwa shemeji wa kuchezea. Katika nyumba za Wamwera mume huenda kukaa kwao mke, na mwenye neno juu ya mke na watoto ni ndugu wa kiume wa mke. Swaumu na watoto wanne wa Isihaka walikuwa, kwa desturi, chini ya mkono wa Abdalah.

Asubuhi ile Isihaka alikuwa amepanda ngazi katika mninga uliosimama mbele ya nyumba ya Bwana. Tawi moja, nene kama pipa la maji, lilikuwa limelala juu ya paa la bati, na kwa mvua zile lilikuwa limenywa maji likawa zito kupita kiasi. Bwana mwenyewe alikuwa Nachingwea, amezuiwa na mto kwa siku tano. Mkewe alikuwa njiani kutoka Ulaya kwa meli, na amri aliyoiacha Bwana ilikuwa moja: akirudi, asilikute tawi lile juu ya paa. Asubuhi hiyo mto ulianza kushuka.

Chini ya mti alisimama Kaimu, mnyapara wa kambi, mtu wa Kilimarondo, mwenye kofia ya kijeshi na kiboko cha ngozi alichokipaka mafuta kila Ijumaa. Kaimu hakuwa mvivu wala mjinga. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuonekana mbele ya Bwana kuwa hakutii. Woga huo aliugawa kwa wenzake kwa kiboko.

"We Isihaka!" aliita. "Unakata mti au unaunyoa ndevu?"

"Naanza kwa chini, Bwana Kaimu."

"Chini kuna nini? Tawi likatwe juu lianguke, basi! Mto umeshuka. Bwana anavuka leo."

"Litakatwa mara tatu, Bwana Kaimu. Ndivyo linavyokatwa."

"Mara tatu! Tawi moja mara tatu! Kwani linafufuka?"

Vibarua waliokuwa wakikata minyaa walicheka. Abdalah, aliyekuwa ameizungusha kamba mkononi na kusimama upande wa kulia wa shina, karibu na mawe ya chokaa, hakuweza kunyamaza.

"Mwache fundi, Bwana Kaimu. Wewe ukichinja mbuzi kwa haraka, huanzia mkiani?"

Vicheko viliongezeka, na safari hii alichekwa Kaimu. Uso wake ulikaza. Alipanda vidato vitatu vya ngazi, akakivuta kiboko nyuma ya bega, akamtandika Isihaka miguuni. Pigo la kwanza lilipasua suruali. La pili likapasua ngozi ya muundi. La tatu likarudia pale pale, na damu ikaanza kushuka juu ya kidato, tone kwa tone, mpaka kwenye kofia ya mnyapara mwenyewe.

"Kata juu! Ama shuka, uchukue mkeka wako, uende ukapogoe mihogo!"

Isihaka alikuwa ameushika msumeno chini ya tawi, na meno yake yalikuwa yamekwisha kuuma gome kiasi cha unene wa ukucha tu. Utomvu wa mninga, mwekundu kama damu, ulikuwa umeanza kuchuruzika kwenye kifundo cha mkono wake. Angeweza kushuka. Lakini Bwana alikuwa amemwahidi kuwa mvua zikiisha atampa bustani zote za Nachingwea, nyumba ishirini na zaidi, naye angekuwa fundi mkuu mwenye watu chini yake. Tumaini hilo lilimshika kuliko kamba aliyofungwa kiunoni. Aliutoa msumeno chini ya tawi, akauweka juu, akaanza kukata kwa nguvu za hasira.

Hakumwambia Abdalah asogee. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka kila alipoamka. Mahali pale Abdalah aliposimama palikuwa salama kabisa kwa tawi lililokatwa mara tatu, kwa kuwa tawi la namna hiyo huanguka wima, mbali na shina. Abdalah aliliamini hilo, maana kwa miaka mitatu hakuwahi kumwona Isihaka akikata kwa namna nyingine.

Msumeno ulipofika katikati, mti ulipiga kelele. Tawi lilipasuka kwa ndani, likainama, lakini halikukatika; lilining'inia kwa gome, na gome likaanza kuchanika kuelekea chini ya shina kama shuka inayopasuliwa na watu wawili. Kamba ilimponyoka Abdalah, ikamchoma viganja. Tawi lote, likiwa bado limeshikamana na ngozi ya mti, lilizunguka kama mlango unaofungwa kwa kishindo, kitako chake kikampiga Abdalah begani, kikamlaza chali, na kikauponda mkono wake wa kulia juu ya jiwe la chokaa.

Yowe lake liliwanyamazisha hata ndege.

Isihaka hakushuka kwa ngazi. Aliteleza kwa kamba, akaangukia magoti. Watu sita walijaribu kuliinua tawi, likagoma. Chini ya kiwiko cha Abdalah hapakuwa tena na mkono, bali nyama na vipande vya mfupa vilivyochanganyika na chokaa, na damu ilikuwa ikitoka kwa kuruka, kwa mapigo ya moyo. Kati ya mkono uliopondwa na ule uliobaki palikuwa na ngozi na kano chache tu.

"Shemeji," Abdalah alisema, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, "nitoe hapa."

Isihaka aliikata kamba kwa meno, akamfunga juu ya kiwiko, akaikaza kwa kipini cha nyundo aliyoitoa kiunoni mpaka damu ikaacha kuruka. Kisha akauchukua msumeno ule ule wenye utomvu wa mninga. Kaimu aligeuka, akatapika juu ya viatu vyake. Vibarua wawili walimkalia Abdalah miguuni. Isihaka alikata mara moja, penye mkunjo wa kiwiko, mkato safi, na Abdalah alimuuma begani mpaka meno yakakutana ndani ya nyama.

Mkono ulibaki chini ya tawi.

Saa tisa Bwana alivuka mto na Landrova yake. Alipoona damu, mti uliochunwa na mtu aliyelazwa juu ya mlango uliong'olewa, alivua kofia. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha amri:

"Nani kosa?"

Kaimu alisimama wima. "Huyu aliyeumia, Bwana. Alisimama pasipotakiwa. Nilimkataza mara mbili, akanijibu kwa mizaha."

Bwana alimgeukia Isihaka. "Kweli?"

Isihaka aliyatazama macho ya Abdalah, yalikuwa yamefumbwa. Akafikiri kuwa amezimia. Akazifikiri bustani ishirini. Aliinamisha kichwa tu, na kichwa kile kilichoinama Bwana alikihesabu kuwa ni ndiyo.

Katika hospitali ya Nachingwea, mganga alisema kuwa aliyeukata mkono ule aliokoa maisha. Mwezi wa Mei Abdalah alirudishwa Chunyu akiwa na kigutu kilichofungwa bendeji, na barua iliyosema kuwa aliumia kwa uzembe wake. Isihaka alifuatana naye njiani, akimbebea mzigo. Walipofika uani, Swaumu alimtazama ndugu yake, akakaa chini palepale, akaanza kujipiga kifuani.

Mjomba wao, Shehe, hakulia. Vibarua walikuwa wamekwisha kumletea habari ya nani alilikata tawi na nani aliukata mkono. Alitoka na shoka.

"Lete mkono wako," alimwambia Isihaka.

"Mjomba, nisikilize—"

Pigo la mpini lilimpata mdomoni. Jino lilitoka na neno likiwa bado halijaisha. Vijana wawili wa ukoo walimrukia, wakambwaga, wakamburuta kwenye kinu cha kutwangia, wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya ukingo wake. Mateke yalimshukia mbavuni. Mkeka wake na sanduku lake vilikwisha kutupwa nje, na mtoto wake wa mwisho alikuwa akipiga mayowe mlangoni. Shehe aliinua shoka.

"Shehe!"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Alikuwa Mwanawetu, mama yake Abdalah na Swaumu. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, na hata siku ile mama yule hakuivunja heshima hiyo: alitoka hadi kizingitini, akawapa mgongo, akasema akiutazama ukuta.

"Ukimkata huyo, nitapata nini? Nitakuwa na vigutu viwili uani kwangu, na jembe lisilo na mtu. Mwacheni."

"Dada, ameuua mkono wa mwanao!"

"Najua. Nami naudai. Swaumu, mwambie mumeo asikie." Alisema hivyo kana kwamba Isihaka hayupo hatua tatu nyuma yake. "Mkono wa kulia wa mwanangu ulilima, ulilisha, ulizika, na ulipopasa kupiga, ulipiga. Tangu leo mkono huo ni yeye. Chochote mkono wa Abdalah ulichokuwa ukifanya, atakifanya. Siku atakayoshindwa kazi moja tu ya mkono huo, aubebe mkeka wake aende kwao, na wewe na watoto mtabaki hapa. Umemwambia?"

"Nimemwambia, Mama," Swaumu alijibu kwa kwikwi.

"Amekubali?"

Isihaka, damu ikimjaa kinywani, alisema, "Nimekubali, Mama."

Basi akawa mkono. Alivuna ufuta wa Abdalah kabla ya kuugusa wake. Alipasua kuni zake, akamfungia msuli, akamwandikia barua. Alipofariki jirani, Isihaka alitupa kaburini mafumba matatu ya udongo kwa ajili yake mwenyewe, kisha matatu mengine kwa ajili ya Abdalah, mbele ya watu. Lakini kazi iliyomwumiza kuliko zote ilikuwa ile ya sahani. Mkono wa kushoto haugusi chakula cha wote. Kwa hiyo, kila jioni, penye wanaume, Isihaka alimega tonge la ugali, akalichovya katika mchuzi, akamtia shemeji yake kinywani. Abdalah alikuwa akitafuna polepole huku akimtazama machoni. Wakati mwingine alitania.

"Mkono wangu wa zamani ulikuwa haubani nyama hivi. Huu mpya ni bahili."

Watu walicheka. Isihaka hakucheka. Juu ya siku ile ya mninga Abdalah hakusema neno hata moja, na Isihaka aliomba asiseme kamwe.

Mwezi wa Agosti, kiangazi kilipokuwa kimeivisha nchi rangi ya kutu, alikuja mjumbe kutoka kambini. Bwana anamtaka Isihaka. Mninga unaugua, mkewe Bwana analalamika, na bustani zote za Nachingwea zinamngoja fundi. Isihaka aliyasikiliza maneno hayo, na moyo wake ukapiga kama wa mtu aliyefunguliwa pingu. Jioni hiyo, alipokuwa akimega tonge, Abdalah aliufumba mdomo.

"Twende wote," alisema. "Kuna kazi moja mkono wangu haujaifanya bado."

"Ipi, shemeji?"

"Kumpiga Kaimu."

Tonge lilibaki hewani. Shehe na wanaume wengine waliacha kula.

"Lakini kabla ya kumpiga, mkono wangu utanyooka uonyeshe nilipokuwa nimesimama. Mbele ya Bwana." Abdalah alimsogelea. "Siku ile nilikuwa nimefumba macho, Isihaka. Masikio sikuyafumba. Nilimsikia Bwana akikuuliza. Nilikungoja useme. Nikangoja. Nilikuwa nakufa, na bado nikangoja."

Isihaka alihisi kana kwamba kile kiboko kimemrudia miguuni. Nyuma ya ukuta wa makuti, mahali wanawake walipokuwa wakila, Mwanawetu alikohoa mara moja tu. Hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Upande mmoja palikuwa na bustani ishirini; upande wa pili, mkeka nje ya mlango na watoto wanne ndani.

"Tutaondoka alfajiri," alisema, akaliweka tonge kinywani mwa shemeji yake.

Waliufikia uwanja wa Bwana siku ya pili, jua likiwa la saa nne. Mninga ulikuwa bado umesimama, lakini Isihaka alipouona alisimama kama mtu aliyeletewa maiti. Tangu kwenye panda hadi kimo cha kiuno cha mtu, shina lilikuwa limechunwa upana wa viganja viwili. Utomvu mwekundu ulikuwa umekauka pembezoni mwa jeraha kama damu ya siku nyingi, na katikati siafu walikuwa wakiingia na kutoka katika mti uliooza. Nusu ya matawi ilikuwa imekauka.

Kaimu alikuwa uani na vibarua wake, wakikata minyaa kwa mapanga. Aliwaona, akalisimika panga lake katika kisiki, akakichomoa kiboko kiunoni.

"Karibu, mzee wa kigutu!" alimwita Abdalah. "Umekuja kutupigia makofi?"

Vibarua hawakucheka. Bwana alitoka barazani akiwa na kikombe mkononi.

"Isihaka! Vizuri. Tazama mti. Dawa iko?"

"Haiko, Bwana," alisema Isihaka. "Mti huu niliuua mimi. Niliukata kwa juu, nami najua haukatwi hivyo. Nilikata hivyo kwa kuwa mnyapara huyu alinitandika miguuni, na makovu haya hapa." Alipandisha suruali. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia, akaonyesha jiwe moja la chokaa, lile lililotiwa ufa na tawi. "Abdalah alisimama pale. Pale ndipo panapotakiwa. Hakukatazwa na mtu. Ulipouliza niliinamisha kichwa, nami nilikuwa mwongo."

Bwana alikishusha kikombe. Kabla hajasema, kiboko kilivuma. Kilimpata Isihaka usoni, kikampasua shavu kutoka sikioni hadi mdomoni. Cha pili kilimzunguka shingo. Isihaka alikidaka kwa mkono wake, akakivuta, na Kaimu akaja nacho. Na hapo ngumi ya mtu aliyepanda miti kwa miaka kumi na tano ilimwingia mnyapara katika pua, ikamvunja mfupa.

"Hiyo ni yangu!" alipaza sauti Abdalah. "Ongeza!"

Ya pili ilimpata tumboni. Ya tatu chini ya kidevu, na Kaimu akaruka kinyumenyume, akaangukia ua wa minyaa. Vijiti vilikatika kwa mamia, na maziwa yake yakammwagikia usoni. Alitoka humo akinguruma, jicho moja limefungwa, la pili likitiririka machozi na damu ya pua. Mkono wake ulipapasa kisiki, ukalikuta panga.

"Kaimu! Weka chini!" alipiga kelele Bwana. Kaimu hakumwogopa tena mtu yeyote. Alimwendea wa kwanza aliyemwona kwa jicho moja, naye alikuwa Abdalah.

Panga liliinuka. Na Abdalah, kama mtu yeyote anavyofanya, aliinua mkono wake wa kulia aukinge uso wake. Aliinua mkono ambao haukuwapo. Kigutu kilipanda hadi kimo cha bega, kikaishia hapo, na juu yake palikuwa na hewa tupu ambamo panga lilikuwa likishuka kuelekea kichwani.

Isihaka alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Hakuwa na muda wa kulisukuma panga wala kumshika aliyelishika. Aliutia mkono wake wa kulia katika ile hewa tupu, pale pale ambapo mkono wa Abdalah ungekuwa, kigutu kikagusana na kiwiko chake kana kwamba vimeota pamoja.

Panga liliingia. Lilipita katika vidole vitatu na kuzama katika kiganja hadi kwenye mfupa, likanasa humo. Isihaka hakulia. Aliukunja mkono uliokuwa na chuma ndani yake, akauzungusha, akampokonya Kaimu panga kwa jeraha lake mwenyewe. Ndipo vibarua wakamrukia mnyapara, wanne kwa mpigo, wakamlaza kifudifudi katika maziwa ya minyaa, na kila aliyewahi kuonja kiboko alikumbuka siku yake. Bwana aliingia ndani, akatoka na bunduki, akawazuia kwa kuipiga hewani, na alipowazuia, Kaimu hakuweza tena kusimama.

Abdalah alikuwa amepiga magoti. Kwa mkono wa kushoto na kwa meno aliichana kanzu yake, akamfunga Isihaka juu ya kifundo, akakaza kwa kijiti, kama alivyofungwa yeye. Vidole vitatu vililala karibu na jiwe la chokaa, na damu ya mmoja iliingia katika ufa ule ule uliokwisha kunywa damu ya mwingine.

"Ulikuwa mkono wa kazi huo," alisema Abdalah. "Hautapogoa tena."

"Hautapogoa."

"Wala hautashika tonge."

"Wala tonge."

Abdalah alikaza fundo la mwisho, akatema uzi uliomnasa menoni. Alimtazama shemeji yake kwa muda mrefu, tena bila ile chuki iliyokuwa ikitafunwa pamoja na ugali kila jioni.

"Nenda ukamwambie Mama," alisema, "kwamba mkono wangu umerudishwa. Na mwambie Swaumu aweke sahani moja tu. Tutakula kwa kushoto, mimi na wewe, na atakayeona karaha ageuze uso."